Laptopu Iliyosahau Njiani Kwenda Usinipigie

Mwaka ule wa rashi ya dhahabu, mji wa Mugumu ulibaki na wazee, wajawazito na Faridu.

Hapo pana chumvi kidogo. Walimu walikuwepo, wauguzi walikuwepo, na ofisi za halmashauri zilifunguliwa kila asubuhi kama kawaida. Lakini ukipita sokoni ungedhani mji mzima umekwenda kuzika mtu. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye kilima kimoja mbele ya Nyambureti, kwa mkulima aliyekuwa akichimba choo, na habari hiyo haikuhitaji mpiga mbiu. Fundi baiskeli aliiacha baiskeli ya watu bila gurudumu. Kinyozi mmoja alimwacha mteja amenyolewa nusu kichwa, na mteja hakulalamika, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea huko huko.

Kambi iliyoota pale kilimani wachimbaji waliiita Usinipigie, kwa sababu simu ilikuwa haishiki hata ukipanda juu ya jiwe. Ukitaka kumwambia mtu jambo, ulimtuma mwenye bodaboda, naye akalifikisha na nyongeza zake.

Faridu alikuwa fundi wa simu na kompyuta, mwenye banda la mabati karibu na stendi ya mabasi ya Musoma. Babu yake alikuja Mugumu na cherehani kutoka Tanga, baba yake akashona, baba mdogo akashona, na yeye peke yake katika ukoo ndiye aliyekataa uzi na sindano. Alijifunza kompyuta Musoma, akarudi na flashi moja mfukoni na dini moja mpya mdomoni, na dini hiyo iliitwa Linux. Alimhubiria kila mtu. Mteja akileta simu yenye kioo kilichopasuka, aliondoka ameelezwa kwamba kuna mfumo wa kompyuta usioliwa ovyo na virusi na usiouzwa. Mama yake, Bi Mwajuma, siku moja alimuuliza kwa upole kama huyo Linux ndiye mchumba, na ni wa kabila gani.

Kwa nini hakwenda rashi? Watu aliwaambia ana wateja. Wateja gani, na mji umehama? Ukweli aliujua yeye na Mungu wake. Wiki ile ya kwanza alikwenda, kama vijana wote. Akafika kwenye mdomo wa duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia, akainama, akaiona kamba inavyozama gizani na kusikia sauti za watu zikitoka chini mbali mno. Magoti yakamlegea. Alirudi Mugumu jioni ile ile akasema ameumwa tumbo. Aliogopa, basi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Aliyemkalia kooni ni baba yake mdogo, Abdurahmani. Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki, kwa hiyo neno lake halikuwa la kupuuzwa. Abdurahmani aliifunika cherehani yake kitambaa siku ya pili tu ya rashi, akaenda Usinipigie, ambako baadaye akawa ananunua dhahabu ya wachimbaji kwa mzani mdogo, chini ya mwavuli mkubwa. Ukoo ulikuwa na nafasi moja katika duara la wanaume fulani wa Nkende, na nafasi ya duarani haijazwi kwa jina, inajazwa kwa mwili. Kila Ijumaa, akija mjini kuswali, Abdurahmani alipitia kwenye banda.

"Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota," alikuwa akisema.

"Au akaokotwa yeye, Bamdogo," Faridu alijibu Ijumaa moja, na Bi Mwajuma, aliyekuwa amemletea uji bandani, akacheka hadi akaumwaga. Abdurahmani hakucheka. Alisema kazi ya kukaa kivulini na bisibisi ni kazi nzuri kwa mtu ambaye watu wanamletea vitu.

Na kweli walikuwa hawaleti. Mpaka siku alipokuja Mokami.

Mokami alikuwa mwanamke wa Kikurya kutoka upande wa Tarime, mrefu, mwenye sauti ya kumwamsha jirani wa tatu. Usinipigie alikuwa na biashara zote mbili ambazo mchimbaji hawezi kuzikosa: chakula, na burudani. Mchana aliwapikia ugali, jioni aliwasha jenereta chini ya turubai, kikawa kibanda umiza, watu wakatazama sinema kwenye laptopu iliyounganishwa na televisheni. Laptopu hiyo hiyo ndiyo iliyowajazia nyimbo kwenye memori kadi. Aliinunua Sirari, ya mkono wa pili, imetoka ofisi fulani Kenya. Betri yake kubwa ilikuwa imevimba ikatolewa zamani, kwa hiyo iliishi kwa waya wa umeme tu.

Ugonjwa ulioileta kwa Faridu ulikuwa virusi. Kila memori kadi ya mchimbaji ilikuja na wake, na Windows ya watu ilikuwa imegeuka gesti ya vijidudu. Faridu alipoiona, roho yake ilisuuzika. Hatimaye muumini amempata mtu wa kumbatiza. Alimwambia Mokami kwamba hapigi Windows nyingine, anapiga Linux, na virusi vya wale wachimbaji vitafika pale na kukosa pa kung'ata.

"Itacheza sinema?" Mokami aliuliza.

"Itacheza, Mama."

"Basi piga unachotaka, mura, kijana wangu. Ila usinibandulie huku chini." Kitako chote cha laptopu alikuwa amekizungushia selotepu nene, kuzuia vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Alisema ugonjwa uko kichwani, haupo tumboni.

Faridu aliipiga Linux, ikaingia vizuri, akaizima, akaiwasha, na kioo kikabaki cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe: hakuna kifaa cha kuwashia. Hilo halikumtisha. Laptopu za miaka ile zilikuwa na namna mbili za kuamka. Kwa namna ya kizamani, mashine inasoma mwanzo kabisa wa diski na kufuata inachokikuta. Kwa namna mpya, iitwayo UEFI, diski ina kichumba maalumu cha kuweka kiwashio, kile kiprogramu kidogo kinachouamsha mfumo mzima, na mashine inakikumbuka kwa jina. Faridu alikuwa amekiweka kiwashio kwenye kichumba cha UEFI, huku mashine yenyewe imepangwa kuamka kizamani. Ni kama kumwachia mgeni ufunguo kwa jirani wa kulia, halafu ukamwelekeza kwa jirani wa kushoto.

Akaingia kwenye mipangilio ya ndani, ile ya bluu inayofunguka kabla mfumo haujaamka, akachagua UEFI, akahifadhi. Ikawaka. Akaizima, ikawaka. Akaizima tena na tena, mpaka mama lishe wa jirani akamwambia ataumaliza umeme wa wilaya. Alipoona saa ya mashine inasema Januari ya miaka mingi nyuma, akairekebisha. Mokami akaondoka na mzigo wake nyuma ya bodaboda, amefurahi.

Kesho yake laptopu ikarudi.

Mwenye bodaboda alisema wachimbaji walikaa chini ya turubai wakisubiri sinema mpaka wakaanza kuimba wenyewe, na kwamba Mokami alisema maneno ambayo yeye, kama Mkristo, hayarudii. Faridu akachomeka waya. Maandishi meupe yale yale. Akafungua mipangilio, akaikuta imerudi kwenye namna ya kizamani. Akajua ni Mokami au mtu wake amebonyezabonyeza. Akarudisha UEFI, akakiandika kiwashio upya kwa kutumia flashi yake ili asiwe na shaka, akarekebisha na saa. Ikawaka mchana kutwa. Akairudisha kwa bodaboda.

Ikarudi. Safari hii ilirudi siku ya Ijumaa, na aliyeibeba ni Abdurahmani mwenyewe.

Aliiweka mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Alisema Usinipigie nzima inalijua jina la Faridu sasa, na si kwa uzuri. Alisema hamkasirikii. Kisha akakaa kwenye stuli ya wateja na kusema jambo lililomkaa moyoni muda mrefu.

"Nitaingoja hii mara moja zaidi. Ikigoma tena, utafunga banda uje ushuke duarani. Wale wa Nkende wamechoka kuningoja. Tumekubaliana?"

Faridu alitaka kusema hapana. Lakini mtu akikulea, akakusomesha hadi Musoma kwa suruali za watu, neno hapana huwa zito ulimini. Akasema wamekubaliana.

Akaitengeneza ile laptopu kama anayeiombea. Alifuta kila kitu, akapiga Linux upya, akaweka kiwashio UEFI, akaweka na nakala yake mahali ambapo mashine huangalia hata ikisahau jina. Ikawaka. Akairekebisha saa. Na hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kosa la kifundi kabisa: kila mara aliisogeza saa mbele, na hakuna siku aliyojiuliza nani anairudisha nyuma. Mganga hajigangi, na fundi naye ana upofu wake.

Ikapelekwa, na siku mbili zikapita kimya. Faridu akaanza kupiga mluzi. Siku ya tatu bodaboda akasimama mbele ya banda, mikono mitupu, akasema Mokami hatumi tena laptopu. Anamtaka fundi.

Bi Mwajuma alimfungia chapati kwenye mfuko, na Faridu alipotia suruali yake kuukuu na fulana ya kazi ndani ya begi, pamoja na flashi na bisibisi, mama akageukia ukutani akajifanya anatafuta chumvi. Wote wawili walijua ile suruali ni ya nini.

Njiani Faridu aliliona kila shimo la barabara. Waliipita mihogo na mtama wa Nyambureti, na alitamani pikipiki ipate pancha. Pikipiki siku hiyo ilikuwa nzima kuliko siku zote.

Usinipigie ilikuwa imejaa. Makarasha yalinguruma, vumbi limetanda, wanawake wanaosha mchanga, vijana weupe wa unga wa mawe wanapita na viroba mabegani. Chini ya mwavuli, Abdurahmani alikuwa akipima, na watu wamepanga foleni. Faridu akamsogelea akatoa shikamoo. Akaitikiwa marahaba, na jicho la baba mdogo likaenda kwenye begi, likaona mguu wa suruali umechungulia. Akasema tu, aende kwanza kwa Mokami amalizane naye, kisha waonane.

Mokami alimpa chai kabla ya kumtukana, na hata matusi yenyewe yalikuwa ya kimama. Alisema aligusa kitufe cha kuwashia tu, kingine hakukigusa, naye ni mtu wa kanisani. Ilipofika kutoka mjini waliwasha jenereta, wakaichomeka, nyeusi. Wakazima jenereta, wakalala. Kesho yake, nyeusi vilevile.

Faridu akaacha kunywa chai.

"Mkizima jenereta, mnachomoa waya?"

"Tukizima jenereta waya una kazi gani, mura?"

Akaichomeka, akafungua mipangilio: kizamani. Akaangalia saa: Januari ile ile. Na hapo ndipo kichwa chake kikafunguka, akajiona mjinga wa mwisho duniani. Kule bandani alikuwa akiizima na kuiwasha, lakini waya haukutoka ukutani hata mara moja. Mashine haikuchezewa na mtu. Ilikuwa inasahau. Kila ikikatwa umeme, iwe kwa jenereta kuzimwa au kwa safari ya bodaboda, ilisahau saa, ikasahau UEFI, ikarudi kwenye mazoea yake ya kuzaliwa. Windows ya zamani haikuona shida, maana ilipigwa kwa namna ya kizamani tangu mwanzo.

Akaomba ruhusa ya kubandua selotepu. Mokami akakunja uso, akakubali. Wachimbaji waliokuwa wanakula wakasogea na sahani zao. Faridu akafungua skrubu, akainua kifuniko, na pale ambapo kila kompyuta huwa na kibetri cha duara kama sarafu, kile kinachoilindia kumbukumbu yake ikiwa haina umeme, palikuwa wazi.

"Mama, kibetri cha hapa kimekwenda wapi?"

Mokami akatazama. Akafikiri. Kisha akageuza shingo taratibu kuelekea kwenye mwavuli.

Abdurahmani aliitwa, akaja bado ana mzani mkononi, na alipoonyeshwa lile pengo hakukana. Alieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Zile siku za mwanzo mzani wake ulizimika katikati ya foleni, na Usinipigie nzima hapakuwa na kibetri cha aina yake kinachouzwa. Mokami akamwambia aliwahi kuona kimoja ndani ya laptopu siku walipoitoa ile betri iliyovimba. Wakafungua, wakachukua, wakaifunga tena kwa selotepu. Laptopu ikaendelea kucheza sinema vizuri tu.

"Kilikuwa kimekaa," Abdurahmani alisema. "Sikuona kazi yake."

Kicheko kilichopanda pale kiliyashinda makarasha. Mzee mmoja alipaliwa na ugali ikabidi apigwe mgongoni. Mokami alicheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi. Hata foleni ya pale mwavulini ilikuja kuuliza kulikoni, ikaelezwa, ikacheka upya. Abdurahmani alisimama katikati yao, uso umemshuka, akaugeuza mzani wake na kuanza kuufungua kwa ukucha. Alisema kitu cha watu kirudi kwa watu.

Faridu alikiona kile kibetri kikichungulia. Acheni niseme kweli yake: alitamani kukichukua. Alitamani baba mdogo arudi chini ya mwavuli na mzani uliokufa, akae pale na ajue inavyokuwa mtu akionekana hana kazi. Tamaa hiyo ilikaa naye kitambo, tamu kweli kweli. Kisha akaona vidole vya Abdurahmani vikihangaika na kifuniko cha mzani, vidole vilivyoshona sare zake zote za shule.

"Kiache, Bamdogo. Nitaifundisha iishi bila hicho."

Akachomeka flashi. Alitenga kijipande kidogo mwanzoni mwa diski, akaweka kiwashio cha pili hapo, cha namna ya kizamani, bila kukigusa kile cha UEFI. Sasa mashine ikikumbuka itapata njia, na ikisahau itapata njia. Akamaliza, akachomoa waya mwenyewe mbele ya watu wote, akaagiza chai nyingine. Wakangoja aimalize. Akachomeka, akabonyeza. Saa ilisema Januari ya miaka ile. Hakuigusa. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi muda ambao Mokami aliutumia kumwomba Mungu kwa Kikurya, halafu Linux ikafunguka, rangi zake zote.

Walishangilia kama timu yao imefunga. Palepale mmoja akatoa simu isiyopokea chaji, mwingine akatoa redio, na kabla chapati za Bi Mwajuma hazijaisha, mbele ya Faridu palikuwa na vitu vibovu vya kutosha banda zima. Kumbe Usinipigie ilikuwa imejaa wagonjwa, daktari amejificha Mugumu.

Lakini ahadi ni ahadi, nayo laptopu ilikuwa imegoma mara ile ya mwisho. Jua lilipopoa, Abdurahmani alikuja akamwambia wafuatane. Faridu akachukua begi lake. Walitembea mpaka kwenye duara la watu wa Nkende. Kamba ilikuwa pale, imefungwa kwenye gogo, na wanaume wawili wamekaa kando wakisubiri zamu. Faridu akatazama chini mara moja, magoti yakaanza yale yale. Akaingiza mkono begini kutafuta suruali kuukuu.

Abdurahmani akamshika ule mkono.

"Unajua kwa nini nilichukua mzani?" alisema, kwa sauti ya kusikika na wao wawili tu. "Wiki ya kwanza walinifunga kamba. Nikashuka kidogo tu, nikalia. Wakanivuta. Mpaka leo sijashuka tena."

Faridu hakuamini masikio yake. "Sasa mbona mimi ulitaka nishuke?"

Baba mdogo alitazama gogo, akatazama kamba, kila mahali isipokuwa usoni mwa mwanawe.

"Nilitaka mmoja wetu asiwe mwoga."

Kicheko kilimtoka Faridu kabla hajakizuia, na machozi yakaja nyuma yake, na hakuyajali. Akamwambia kwamba basi Bamdogo amepata hasara, maana katika ukoo huu wote wamezaliwa na magoti ya aina moja, na hata babu yao huenda alikuja na cherehani kwa kukimbia kazi ya kuchimba kitu fulani huko Tanga. Abdurahmani alijaribu kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka akashika mbavu, na wale wanaume wawili wakawageukia kuuliza kama kijana yuko tayari, wamfunge kamba.

Abdurahmani akajifuta macho kwa kofia yake.

"Nafasi yetu mpeni mwingine," aliwaambia. "Huyu ana wateja."

Wakarudi pamoja kuelekea kwa Mokami, ambako jenereta ilikuwa imeshawashwa.